Maotea Kwenye Lebo

Mama mdogo wangu analima mbegu za mpunga kule kijijini Mamba. Akisema mbegu hii ni ya muda mfupi, yaani inakomaa mapema, majirani wanapanda bila kuuliza mara mbili. Nilijitolea kumchapia lebo za mifuko kwa kompyuta yangu hapa mjini Kashaulili, kumsaidia na pia kujionyesha, sikatai.

Programu ilikuwa fupi. Naandika amri yenye mambo matatu: aina, shamba na msimu. Programu inayafunga kama kifurushi, inanakili kifurushi hicho kwa kila mfuko, kisha inachapa kila kilichomo kwenye nakala. Lakini chini ya ile mistari mitatu ilitoka mingine ya ajabu ajabu. Lebo zikawa ndefu kuliko stika, na jina la mpunga wa mfuko mmoja likaangukia stika ya mfuko uliofuata. Mimi sikukagua, nikabandika tu kwenye mifuko aliyoniachia.

Asubuhi mama mdogo akaja kuchukua mifuko. Akafungua mmoja, akatafuna punje, akasoma lebo, akatafuna nyingine.

"Huu ni wa muda mrefu, mwanangu. Hapa umeandika mfupi."

Nilishikwa na aibu, halafu woga. Mvua zingekatika mpunga wa majirani ukiwa bado na mimba, masuke hayajatoka, na wa kulaumiwa angekuwa yeye, si mimi. Nikaanza kuitukana printa. Yeye akaweka kidole kwenye ile mistari ya ajabu.

"Haya nani kayaandika?"

"Hakuna, mama. Yametokea tu."

"Basi ni maotea."

Akanieleza taratibu, kama mtu asiye na haraka kabisa. Punje zilizodondoka msimu uliopita hujiotea zenyewe katikati ya mbegu mpya, na kwa macho zinafanana. Ndiyo maana yeye hupanda kwa kamba. Kabla ya kuvuna mbegu hung'oa kila shina lililo nje ya mstari, hata liwe limenona namna gani.

"Usibebe kila kilichomo shambani. Beba ulichopanda."

Nikarudi kwenye kompyuta, na kweli, ndivyo ilivyokuwa. Kifurushi kilikuwa na vitendo vyake vya kuzaliwa, kilivyorithi kwenye programu mama iliyokiunda, na mimi nilikuwa nimeamuru vinakiliwe vyote; ndivyo vilivyotoka kama mistari ya ajabu. Nikabadilisha mstari mmoja: nakili tu kilichoandikwa kwenye amri. Lebo zikatoka na mistari mitatu, kila moja kwenye stika yake. Nilimwonea fahari mama yule.

Nikabandika upya, nikamwambia tayari. Yeye akavuta kigoda, akaanza kufungua mifuko yote, mmoja mmoja, akimimina mpunga kiganjani.

"Mama, si nimesharekebisha?"

"Umerekebisha karatasi. Mimi naangalia mpunga."

Kwenye mfuko wa mwisho alikuta punje tatu za mpunga pori. Akazitoa, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake, ndipo akaniruhusu nishone mifuko.