Mume Wangu na Safari za Miguu

Mume wangu alipoliacha gari nyumbani akaanza kwenda dukani kwake Mwembe Tayari kwa miguu, nilijua pana jambo. Mtu wa kuwasha gari akanunue mahamri hapo Makadara hawezi kuamka siku moja akapenda kutembea. Alisema foleni zimemchosha. Foleni zilikuwako tangu tuoane. Kisha nikamwona amejifukiza udi, na wala si Ijumaa.

Siku ya nne nikavaa buibui, nikajifunika uso, nikamfuata. Alisimama kila baraza, akapeana mikono, akauliza habari za wagonjwa, akanywa kahawa. Nilitazama kila mlango aliopita. Hakuingia hata mmoja. Karibu na duka akasema bila kugeuka, "Njoo tufuatane, mke wangu. Mwendo wako naujua."

Haya zilinishika, lakini sikumwamini. Nikaazimia kwenda naye kila asubuhi, uso nimeufunika vilevile.

Wiki ya pili jirani yangu alikuja, akafunga mlango, akaniambia nijikaze. Mume wangu anaonekana na mwanamke, wanafuatana mchana kweupe, na watu wote wa barazani wamewaona.

Nikamuuliza ni nani.

Mimi nimezaliwa mtaa huu. Ila tangu tununue gari, sikumbuki kuupita kwa miguu.

"Hakuna amjuaye," akasema. "Ule mwendo si wa mtu wa hapa."