Nambari Kumi na Saba Haikusimama

Katika mwaka wangu wa mwisho kazini, mshindi wa tuzo ya uandishi wa tamthilia aliitwa mara tatu mbele ya ukumbi uliojaa, na hakuna aliyesimama. Tuzo yake, kinyago kidogo cha mbao, iko juu ya kabati langu hapa nyumbani, mtaa wa Section 58. Huifuta vumbi kila Jumamosi. Jina la mwenyewe nalijua, lakini sitaliandika.

Nianze na siku ya kwanza. Nilikuja Nakuru baada ya kupiga chapa barua katika chuo kimoja cha Gilgil. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati na misumari, na kamati iliyoniajiri iliendesha shindano la michezo ya kuigiza kwa wanafunzi wa vyuo: walimu, wauguzi, mafundi, na baadaye wa vyuo vikuu. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu ambaye hakuvua tai hata siku ya mvua ya mawe. Hakunionyesha taipureta. Alinipa wembe na rula.

"Unajua kukata?"

"Kukata nini, mzee?"

"Majina. Hapa tunaanza na kukata majina. Kupiga chapa kutafuata."

Kabla yangu, jaji mmoja alikuwa amempa ushindi mtoto wa ndugu yake, na vyuo vikatishia kujitoa. Ndipo wakaanzisha utaratibu waliouita kusoma gizani: majaji walisoma miswada bila kujua imeandikwa na nani. Karani alikata ukurasa wa jina, akautia katika bahasha, akaifunga kwa lakiri, kisha akaandika nambari moja juu ya bahasha na juu ya mswada. Ukurasa haukuchanwa. Ulikatwa kwa wembe kando ya rula, upana wa kidole kutoka kwenye mshono, ili kurasa nyingine zisilegee. Mwenyekiti alinifanyisha mazoezi kwenye magazeti ya zamani asubuhi nzima. Hadi leo nikiona ukurasa uliokatwa, najua kama aliyeukata alifunzwa.

Wanafunzi walikuwa na hila zao za kujitambulisha. Mmoja alinyunyizia mswada wake marashi. Mwingine alimpa shujaa wake jina lake mwenyewe, la baba yake na la kijiji chao. Palikuwa na kijana wa chuo cha ufundi aliyeweka ukurasa mzima wa shukrani kwa mama yake, muuza kabeji. Niliukata. Akaja juu.

"Madam, umemkata mamangu!"

"Mama yako yuko salama ndani ya bahasha," nilimjibu, na ofisi nzima ikacheka.

Mwenyekiti wa pili, mama aliyekuwa mkuu wa chuo, alileta kompyuta lakini akakataa miswada ya barua pepe. "Aliyeandika mchezo aulete mwenyewe," alisema. "Nataka kujua ana miguu." Kwa hiyo tukaweka daftari la mapokezi. Kila mwanafunzi alifika, akaandika tarehe, jina na chuo, akatia sahihi, nami nikampa kikaratasi chenye nambari yake. Wa kwanza kufika alikuwa nambari moja, wa pili nambari mbili. Siku ya tuzo, nambari iliitwa mara tatu. Mwandishi akasimama na kikaratasi chake, na hapo tu ndipo bahasha ilifunguliwa. Niliipenda sana dakika ile. Watu hawakumtazama mtoto wa fulani. Walimtazama aliyeandika.

Nilipofikia cheo cha mratibu, ofisi ilikuwa na watu watatu waliojua funguo zinakotundikwa: mimi, Jaji Mkuu, ambaye alikuwa mwalimu wa fasihi wa miaka mingi, na tarishi wetu, mzee Simiyu, ambaye umri wake tulikuwa tumeacha kuuliza.

Mwaka ule wa mwisho alikuja msichana mwenye sweta la kijani, kutoka upande wa Elburgon. Alisimama mlangoni kama mtu anayeogopa kuchafua sakafu. Mchezo wake uliitwa *Vumbi la Mbao*. Ulihusu mlinzi wa msitu anayekufa chini ya gogo katika kiwanda cha kupasua mbao, na wafanyakazi wote wanaosema hawakuona. Nilimpa kikaratasi cha kumi na saba.

Wiki mbili baadaye Jaji Mkuu aliniita.

"Rhoda, huyu hakubuni."

"Ni mchezo, Mwalimu."

"Soma maelekezo ya jukwaa."

Maelekezo ya jukwaa ni ile mistari inayomwambia mwigizaji asimame wapi na afanye nini. Mwandishi alikuwa ameandika ni mkono upi ulioachilia mnyororo. Alikuwa ameandika kwamba msimamizi alikuwa akila hindi la kuchoma, na kwamba alilimaliza lote, akatupa gunzi, ndipo akaita msaada.

"Mtu wa kubuni hawezi kujua habari za gunzi," Jaji Mkuu alisema. "Huyu aliambiwa na mtu aliyekuwepo."

Nilikumbuka mlinzi aliyekufa katika kiwanda kimoja kando ya msitu. Ilisemwa ni ajali. Tungeweza kuuweka mswada kando. Hatukufanya hivyo, kwa sababu ulikuwa bora kuliko yote. Tukabandika orodha ya fainali nje ya ofisi na kuisambaza kwa simu, kama kawaida: nambari, jina la mchezo, na muhtasari wa mistari miwili. Muhtasari niliuandika mimi.

Siku ya nne alikuja bwana wa makamo, koti safi, sauti ya chini. Nilikuwa nimeenda kwa jirani kutoa nakala. Niliporudi nilimkuta amekaa mapokezi, na kando yake gunia la viazi.

"Sasa, mathe. Nimewaletea viazi vya huko kwetu Elburgon."

"Asante. Tukusaidie na nini?"

"Huyu mwandishi wa hiyo story ya mbao. Nataka tu kumpongeza. Ni watoto wetu hawa."

"Majina hayatoki kabla ya siku ya tuzo, boss."

"Hiyo ni sawa kabisa." Alitabasamu. "Mnaandika vizuri. Kila mtu na laini yake."

Ndipo nilipoona mkono wake uko juu ya daftari la mapokezi, na daftari liko wazi.

Miaka yote ile nilikata majina, nikayafunga kwa lakiri, na nambari zote zilifuata mpangilio wa daftari lililolala wazi mezani. Mtu hakuhitaji kuvunja bahasha. Alihitaji kuhesabu mistari hadi kumi na saba. Hatukuliona tundu hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kulitafuta.

Nililichukua daftari taratibu, kana kwamba nataka kufuta meza. Lilikuwa limefunguliwa ukurasa wa kwanza, wenye mistari kumi. Wa kumi na saba alikuwa ukurasa wa pili. Sikujua kama alikuwa bado hajaufikia au alikuwa ameshausoma na kurudi wa kwanza.

"Na hii seventeen," aliuliza akisimama, "mliipokea lini?"

"Sikumbuki."

"Wewe? Unaonekana mtu wa kukumbuka."

Akaondoka. Nililifungia daftari katika droo. Mzee Simiyu alilitazama gunia.

"Tutavifanya nini hivi viazi?"

"Usiviguse."

"Madam, viazi havina makosa."

Hakuna aliyevila. Vilikaa pale mpaka vikachipua.

Kesho yake nilimpigia msichana simu, akaja. Sweta lile lile. Nilimwambia kuna mtu ameulizia mwandishi. Hakushangaa. Alikalia ncha ya kiti.

"Ana koti la brown?"

"Ndiyo."

Ndipo akamtaja baba yake: "Buda bado anafanya kazi huko kiwandani. Akijulikana ni yeye aliniambia, ameisha. Madam, niutoe?"

Nimelipima swali hilo mara nyingi kuliko jambo lolote katika kazi yangu. Jibu la kweli lilikuwa: utoe, kwa sababu daftari letu linavuja na mimi ndiye nililiacha wazi. Lakini nilikuwa nimebakiza wiki tatu kustaafu. Nilikuwa na fahari na lakiri zangu. Tena niliuogopa uso wake utakavyobadilika nikimweleza.

"Jina lako liko salama ndani ya bahasha," nilimwambia. "Nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa."

Aliniamini. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, kama wafanyavyo watoto waliolelewa vizuri, akaenda zake.

Asubuhi ya tuzo nilifungua droo kuchukua bahasha. Lakiri zote zilikuwa nzima. Daftari nalo lilikuwa pale, lakini ukurasa wa pili haukuwepo. Haukuwa umechanwa. Ulikuwa umekatwa kwa wembe kando ya rula, upana wa kidole kutoka kwenye mshono.

Nilipiga simu ya msichana. Haikupatikana. Nikapiga tena na tena hadi ikafika saa ya kwenda ukumbini.

Ukumbini, bwana mwenye koti alikaa safu ya tatu. Michezo mifupi ilipoonyeshwa alipiga makofi kama wengine. Mwenyekiti akaita, "Nambari kumi na saba." Kimya. Mara ya pili. Wanafunzi wakaanza kugeuza shingo. Mara ya tatu bwana yule naye akageuka, bila haraka, akipitia nyuso mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma daftari.

"Basi tufungue bahasha," mwenyekiti akasema, akaninyooshea mkono.

Ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema nimeisahau nyumbani. Watu wakacheka. Mwenyekiti aliniangalia kwa masikitiko, kama anayemtazama mtu aliyechelewa kustaafu kwa siku moja. Usiku ule niliichoma bahasha jikoni, na tuzo ikabaki kwangu.

Baadaye nilimuuliza mzee Simiyu kuhusu ukurasa. Aliapa kwa watoto wake. Nikamuuliza Jaji Mkuu.

"Rhoda, kama ni mimi nilikata kumlinda yule binti, nisingekuambia. Na kama si mimi, sina la kukuambia."

Sikuweza kumsoma usoni. Chuoni walisema msichana hakurudi baada ya likizo, na hakuacha ujumbe.

Sasa nalima sukumawiki nyuma ya nyumba. Vijana wanaoanza kazi hii hunipigia kuuliza ushauri, nami huwapa ule ule: changanyeni miswada kabla ya kuipa nambari. Huwa wanatarajia kitu kikubwa zaidi.

Juzi mratibu mpya alinipigia.

"Madam, kuna mzee amekuja ofisini. Anasema ni uncle wa yule mshindi ambaye hakutokea. Anataka kumchukulia tuzo yake. Nimlete kwako?"

"Amemtaja jina?"

"Hapana. Anasema tu nambari kumi na saba."

Niliketi. Kama hajui jina, basi ukurasa hauko kwake. Au anajua, na alitaka kuona kama nitalitaja.

"Mwambie nimehama," nilisema.

"Ameondoka sasa hivi tukiongea, Madam. Amesema atarudi. Ametuachia gunia la viazi."