Safari ya Kwenda Kuacha Vidonge

Niliondoka Lindi kwa sababu ya mguu. Mwaka uliotangulia damu iliganda ndani ya mguu wangu wa kushoto, na hakuna aliyejua kwa nini: sikuwa nimejifungua, kuvunjika wala kupasuliwa. Tangu hapo nilimeza vidonge vya kuzuia damu kuganda. Sasa daktari wa Dar es Salaam alikuwa aamue. Nikiendelea, ningeweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Nikiacha, bonge la damu lingeweza kurudi na kupanda mapafuni. Mimi msomi nilijiandalia hoja za pande zote mbili, kama mdahalo.

Miaka hiyo daraja halikuwapo; mto Rufiji tulivuka kwa kivuko, vumbi hadi kwenye kope.

Kariakoo nilipokelewa na wifi yangu Mwanahawa, muuza vitenge. "Wifi! Kaka yangu hakulishi? Damu yote imekwisha!" Hadi siku ya miadi akanishindilia mchicha, kisamvu na matembele. Nilikula kwa adabu ya mgeni, na kwa ulafi wangu mwenyewe.

Asubuhi ya miadi alinisindikiza hospitalini Upanga. Daktari, mama wa Kihindi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alisoma kipimo cha damu, kwamba inaganda kama ya mtu asiyemeza dawa, akakunja uso.

"Mama, vidonge unameza?"

"Nameza, daktari."

"Unakula nini?"

Wifi akazitaja mboga zake kwa fahari.

"Mboga hizo zinasaidia damu kuganda, zinapigana na dawa!"

"Basi mchicha umeshinda," wifi akasema. Daktari akacheka bila kupenda.

Kisha akaubonyeza mguu. Haukuwa umevimba wala kubadilika rangi. Akanipandisha kwenye mizani. "Miaka hamsini hujafika, na wewe si mnene."

"Ahsante."

"Sikusifii, napima hatari. Masika barabara yenu ikifungwa, damu utapima wapi?"

"Sina pa kupima."

Akaweka kalamu chini. "Dawa hii bila kipimo naiogopa kuliko mguu huu. Acha. Ila siwezi kukuahidi kitu. Mguu ukivimba au kifua kikibana, kimbilia hospitali siku hiyohiyo. Na safarini usikae tu."

Nilikuwa nimefuata uhakika. Nilirudi na hofu ndogo, ya kubebeka, na nikaridhika nayo.

Njiani, kila basi liliposimama nilishuka nikalizunguka. Abiria mmoja akauliza, "Mama, umepoteza nini?"

"Natembeza damu, baba. Nimeagizwa."

Akashuka, akanifuata. Kufika Nangurukuru tulikuwa saba tukilizunguka basi, na kondakta akiwahimiza waliobaki ndani wasiihujumu kampeni ya afya.