Mutua na Mpira wa Taa

Betri za redio zikiachwa juani hutoa harufu yake, harufu ya bati na ya kitu kama siki, na ukizishika zina joto kama mayai yaliyotoka kutagwa. Juzi jirani yangu alianika zake ukingoni mwa dirisha, kama tulivyokuwa tukifanya sote zamani ili zipate uhai kidogo tena. Nilikuwa napita na ndoo ya nguo. Nikaitua ndoo chini, na kwa muda nikawa tena mtoto wa mtaa wa Jericho, nimechuchumaa barazani, nageuza betri za kaka yangu Mutua moja moja kama mtu anayechoma mahindi.

Ngoja nikueleze Mutua alikuwa nani. Kabla ya kuugua, hakuna mtoto wa safu yetu ya nyumba aliyemshinda mbio. Mama akimtuma sokoni, alikuwa amerudi na nyanya kabla sufuria haijapata moto, na mama hugeuka akamuuliza, "Kwani hujaenda bado?" Miguu yake ilikuwa mirefu na myembamba, na alitembea akiwa ameinua kichwa kidogo, kama mtu anayesikia akiitwa kwa mbali.

Kisha akaumwa na koo. Koo likapona, tukasahau. Baadaye goti likavimba, likapona, likavimba la pili, kisha viwiko. Majirani walisema ni baridi, apakwe mafuta ya moto. Mwishowe baba alimpeleka hospitali, na huko wakaambiwa kwamba ugonjwa umetoka kwenye viungo umeingia moyoni, na vilango vya moyo wake havifungi vizuri. Asikimbie. Asibebe maji. Asicheze mpira. Mimi nilielewa hayo ya kutobeba maji tu, kwa sababu zamu yake ya bombani ilinihamia mimi.

Basi Mutua akawa mtu wa baraza. Alikaa kwenye kigoda, blanketi magotini, akiwatazama wenzake wakicheza mpira wa makaratasi pale uwanjani kati ya nyumba. Hakulalamika. Mguu wake wa kulia ndio ulikuwa ukilalamika: mpira ukifika golini, ulikuwa unaruka wenyewe chini ya blanketi.

Jioni moja baba alirudi kazini na kitu kimefungwa kwa gazeti. Baba alikuwa dereva wa familia moja ya wageni upande ule mwingine wa jiji, wenye nyumba za bustani. Alimwekea Mutua mapajani, akasema ni cha mtoto wa kule, amekua, hakichezi tena. Kilikuwa kidude cha plastiki cheupe, ukubwa wa mkate wa nusu, kimechorwa uwanja wa kijani wenye umbo la pembe nne. Ndani ya uwanja kulikuwa na vitaa vyekundu. Mutua alipokitia betri za redio na kukiwasha kikalia "pii!" na mama akaangusha mwiko.

Ule mchezo uliitwa besiboli. Katika mtaa wetu hakuna aliyewahi kuuona ukichezwa. Sisi wasichana tulicheza raunda shuleni, kupiga mpira na kukimbia vituo, tukaona ni raunda iliyosoma ng'ambo. Kirungu kilikuwa taa fupi upande mmoja. Mpira ulikuwa nukta nyekundu iliyotoka katikati ya uwanja ikija kwa kurukaruka, taa hadi taa. Ukibonyeza kwa wakati wake, nukta inageuka na kupaa, na mtu wako wa taa anaanza kukimbia vituo vinavyozunguka uwanja. Ukikosa mara tatu, ametoka. Vituo havikuwa na majina, kwa hiyo Mutua akavipa ya mitaa ya karibu: cha kwanza Shauri Moyo, cha pili Gikomba, cha tatu Bahati, halafu unarudi nyumbani, Jericho. Ungempita barazani umsikie akinong'ona, "Huyu yuko Gikomba, huyu yuko Gikomba, sasa nani atamleta nyumbani?" Alikuwa kijana ambaye hangeweza kutembea hata hadi sokoni bila kusimama ashike ukuta.

Siku za kwanza alipigwa vibaya na kile kidude. Alibonyeza kila nukta ilipotokea tu, kwa nguvu, mpaka kidole kikabonyea. Kidude kinamlilia "buuu," mtu ametoka. Mama alikuwa akipita na unga mikononi, akamwambia, "Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Sidhani alijua anasema juu ya nini. Lakini tangu siku hiyo Mutua aliacha kubonyeza. Aliketi asubuhi nzima akiitazama mipira ikipita tu, moja baada ya nyingine, kidole juu ya kitufe bila kukigusa. Nikadhani amekata tamaa.

"Mwende, njoo," akaniita. "Tazama. Mpira ni wa aina tatu. Huu wa kasi, unauona? Umeshafika. Huu ni kobe, unakuja unafikiria safari. Na huu ni kona, unajifanya unakuja katikati halafu unahepa. Sasa, si kila mpira ni wa kupigwa. Wa katikati ukiuacha, ni kosa. Kona ikihepa nje, iache. Ukiiacha mara nne, unaenda Shauri Moyo bure, hata hujatoa jasho."

Kulikuwa na vitufe viwili. Chekundu kilizungusha rungu zima, na mpira ukigongwa nalo ulipaa mpaka nje ya uwanja, lakini rungu lenyewe lilichelewa kuzunguka. Ilibidi ubonyeze mapema, mpira ukiwa bado katikati ya njia. Cheusi kilisukuma rungu kidogo tu. Hicho kilikuwa chepesi, ungeweza kusubiri hadi dakika ya mwisho, ila mpira haukwenda mbali. Watoto wote walipenda chekundu. Mutua alinifundisha kusikiliza badala ya kutazama: mpira ulikuwa na mlio, na wa kasi ulilia haraka haraka tangu mwanzo. "Jicho linadanganywa," alisema. "Shika mlio. Halafu pumua nje unapobonyeza, usizuie pumzi." Mimi nilizuia pumzi kila mara. Nilikuwa mchezaji mbovu sana.

Okoth alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mama yake akiuza omena na samaki wa kukaanga pale sokoni Jericho. Alikuwa na mabega mapana na sauti ya kuamsha mtaa, na ndiye aliyechukua nafasi ya Mutua ya mshambuliaji. Nadhani kwa sababu hiyo alikuwa akipita mbele ya baraza letu haraka, akitazama kwingine. Lakini ile "pii" ilimshinda. Siku moja alisimama.

"Maze Mutua, hiyo kitu inafanya nini?"

"Keti nikuoneshe."

Aliketi, akabonyeza chekundu kama anayeua kunguni, akatolewa, akatolewa tena, nusura akirushe kidude chini. "Hii kitu imeharibika!"

"Haijaharibika," Mutua alisema. "Unaipiga kabla haijafika. Ngoja ikukute."

Tangu hapo Okoth alikuja kila siku baada ya shule, akinuka samaki na jasho la mpira, na baraza letu likajaa watoto. Kile kidude kiliwaruhusu watu wawili kushindana: mmoja anachagua mpira na kuurusha, mwingine anapiga. Okoth aligundua kwamba kurusha kunamfaa kuliko kupiga. Alikuwa mjanja, anarusha kobe tatu mfululizo akipiga mwayo, halafu ghafla mpira wa kasi, na baraza zima linapiga mayowe. Mama alikuwa mkali wa kelele. Watoto wa watu wengine alizoea kuwafukuza kwa mwiko. Lakini kelele za barazani aliziacha, na kukitokea kimya alichungulia dirishani akaita, "Mutua, mbona mmenyamaza?" Nilimwona ameanza kulainika. Nilifurahi, kwa sababu mimi pia nilipenda kelele.

Mvua za masika zilipoanza, uso wa Mutua ulivimba asubuhi na miguu jioni. Alilala ameegemea mito, maana akilala chali alikosa hewa. Baraza lilihamia chumbani. Okoth aliingia akiacha viatu vyenye matope mlangoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kiasi.

Kulikuwa na Jumamosi moja. Mvua ilinyesha juu ya paa hata ilibidi Mutua aweke sikio karibu na kidude ili ashike mlio. Alikuwa nyuma kwa alama moja, watu wake wawili wako Gikomba na Bahati, na mmoja tu amebaki kupiga. Okoth akarusha kobe. Mutua akaugonga, ukatoka pembeni, haukuhesabiwa. Okoth akarusha kobe tena. Mutua hakubonyeza. Akainua macho.

"Okoth."

"Nini?"

"Unarusha kobe tu."

"Aa, ni vile tu vidole vyangu..."

"Hujawahi kurusha kobe mbili kukiwa na mtu Bahati. Hata siku moja." Alitua kuvuta pumzi, nasi tukamsubiri. "Usinihurumie bwana. Mama ananihurumia, baba ananihurumia, pasta akija ananihurumia. Wewe nirushie mpira."

Okoth alitazama chini. Nikaona kidevu chake kinatetemeka, nikashangaa, kwa sababu sikujua kwamba wavulana wa mabega kama yale wanaweza kutetemeka. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akainama juu ya kidude, akarusha.

Ulikuwa wa kasi. Mutua akauacha upite, akatabasamu. Nilidhani sasa ataweka kidole juu ya cheusi, kama alivyotufundisha sote, asukume kidogo tu amlete yule wa Bahati nyumbani, mchezo uwe sare. Nikaona kidole kinahamia kwenye chekundu. Okoth akarusha kona. Kwanza ilikuja katikati, mwanana kabisa, na Mutua akatoa pumzi na kubonyeza, rungu likazunguka lote. Kona ikahepa. Kidude kikalia "buuu."

Halafu Mutua akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mama akaja mbio akamwinua mgongo, naye bado anacheka, machozi yakimtoka, akimwonesha Okoth kwa kidole. "Umenimaliza! Huyu mtu amenimaliza!" Okoth naye akacheka, wakashikana mikono kama watu wazima waliokutana barabarani baada ya miaka. Mimi nilikasirika. Sikuelewa mtu anawezaje kufurahi hivyo kwa kushindwa, tena kwa kosa ambalo yeye mwenyewe alitukataza.

Alipelekwa hospitali wiki iliyofuata, baba akamtembeza polepole hadi kwenye gari alilokopeshwa kazini. Hakurudi. Tulimzika kwetu Machakos, kwenye udongo mwekundu uliokuwa bado mbichi kwa mvua. Mama Okoth alikuja pamoja na mwanawe safari ile yote, na Okoth akashika sepetu na wanaume, akajaza kaburi bila kupumzika, hata mjomba alipotaka kumpokea alikataa kwa kichwa.

Kile kidude nilijaribu kukicheza mara moja. Mama alikuwa jikoni. Kikalia "pii," na nikasikia mwiko wake umeacha kugonga sufuria. Nikakizima. Sijui kilipotelea wapi tulipohama.

Miaka mingi ilipita. Baba alikuwa ameshafariki, nami nimeolewa na nina watoto, siku niliyokwenda kumtembelea mama kijijini tukaketi kuchagua ndengu. Sijui tulifikaje kwa Mutua. Kwa kawaida hatukumtaja. Nikamwambia ilikuwa bahati kwamba yule mtoto wa wageni alichoka na mchezo wake.

Mama aliacha kuchagua. "Nani alikuambia alichoka? Baba yako aliuomba."

Sikuamini. Baba yangu alitulea kwa neno moja, cha mtu mavi. Niliwahi kupokea biskuti kwa jirani, akanirudisha niipeleke ikiwa bado nzima mkononi. Sikuwahi kumwona akinyoosha mkono kwa binadamu yeyote.

"Siku ile tulipomrudisha hospitali, daktari alituambia hatafika ukubwani," mama akaendelea. "Kesho yake baba yako akamwona yule mtoto anacheza ndani ya gari. Akamwomba mama yake. Aliniambia alisimama kando ya gari na kofia mkononi, na maneno yakakataa kutoka, hadi yule mama akamuuliza kama anaumwa."

"Na Mutua? Alijua?"

"Daktari akisema, yeye alikuwa kitandani pale hospitalini, pazia tu katikati. Alisikia kila neno." Akazirudia ndengu zake. "Yeye ndiye aliyesema, Mwende asiambiwe. Mwacheni Mwende."

Niligeuza uso, nikatazama nje.

Kwa muda wote huo, mtu akiniuliza utoto wangu ulikuwaje, nilikuwa nikimtajia mwaka ule. Baraza limejaa watoto, Okoth anapiga kelele, mama hamfukuzi mtu, baba anarudi mapema kutuuliza nani ameshinda. Niliuita mwaka wa raha. Sikujua kwamba kila mtu mzima aliyenizunguka alikuwa amebeba maiti kifuani, na kwamba kaka yangu, mtoto kama mimi, alikuwa mmoja wa hao watu wazima. Mimi nilikuwa nacheka. Na wao watatu walikuwa wamekubaliana, kimya kimya, kwamba niachwe nicheke.