Mkono Usiofika Sikioni

Mdogo wangu Festo alianza darasa la kwanza kabla yangu, ingawa mimi ndiye niliyemtangulia kuzaliwa. Mwalimu alitupima kwa mkono: upitishe juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Wa Festo ulifika. Wangu uliishia kwenye nywele.

"Skola, rudi mwakani," akasema mwalimu. Watoto wakaniita Robo.

Tulikuwa wakulima wa kijiji cha Mpitimbi. Miaka ile ruzuku ya mbolea iliondolewa, bei ikapanda, na malori ya wafanyabiashara yakawa yanafika mpaka shambani. Baba aliwauzia maharage na karanga ili apate mbolea ya mahindi. Sisi tukabaki na ugali na majani ya maboga.

Mama aliniachisha ziwa mapema kwa kuwa alishika mimba ya Festo. Miguu yangu ikavimba. Ukibonyeza, shimo linabaki. Nywele zikawa nyekundu, zikanyofoka bila maumivu. Ngozi ya mapaja ikabanduka kama ya aliyeungua. Majirani walisema nimebemendwa, kwamba wazazi walilala pamoja nikiwa bado nanyonya. Kwa aibu mama akanificha ndani. Ni bibi aliyenibeba mgongoni hadi hospitali mjini, na ndiye aliyenisimulia haya.

"Bibi, huyu hajabemendwa," muuguzi alimwambia. "Ana njaa."

"Njaa gani? Anakula ugali mpaka anasukuma sahani."

"Kushiba anashiba, bibi. Kukua ndiko hakui."

Nilinyweshwa maziwa kwa kijiko, kisha uji wa karanga. Uvimbe uliposhuka nikabaki mifupa mitupu; mama alipokuja kuniona alilia, akidhani nakufa. Kumbe ndiyo nafuu yenyewe. Festo alipozaliwa, mama aliliogopa lile neno la majirani, akajizuia kushika mimba nyingine, akamnyonyesha mpaka anakimbia. Ndiyo maana alinipita.

Namshukuru bibi, na yule muuguzi ambaye jina lake sikulijua. Wewe unayemficha mtoto aliyevimba, mtoe nje, mpeleke hospitali. Ukiuza maharage, bakiza ya mtoto. Najua si rahisi. Baba naye alijua kwamba maharage ni chakula.

Nilipona, ila kimo hakikurudi. Sasa naishi mjini, mtaa wa Mfaranyaki, na binti yangu, ambaye mwakani anatakiwa kuanza shule. Anakula maharage na dagaa, na mayai ninapoyapata. Shuleni hawapimi tena kwa mkono. Mimi bado napima. Leo asubuhi vidole vyake vimeishia kwenye nywele.