Nilivyosoma kwa Jina la Mwana wa Jumbe

Nilisoma shule ya serikali kule Usumbura karibu miaka miwili bila mama yangu kulipa kitu, na muda wote huo niliitwa kwa jina lisilo langu.

Ilikuwa zamani za Wadachi, yaani Wajerumani. Barua ilitoka boma la Usumbura kwenda kwa jumbe wetu wa Rumonge: alete mwanawe akafundishwe kusoma na kuandika. Tarishi aliyeileta alisoma masharti mbele ya watu. Serikali itamlipa mwalimu, itatoa chakula, nguo na kibao cha kuandikia. Kijana akimaliza, ataitumikia serikali popote itakapompeleka, wala hataacha kazi kwa hiari yake.

Jumbe alikuwa na mwana mmoja tu, rika langu. Watu walinong'ona kwamba waendao huko hubatizwa, au huvishwa nguo za askari wakapelekwa vitani. Basi jumbe akaja kwetu. Mama alikuwa mjane, akianika ndagala mchangani. Hakuacha kugeuza samaki alipokuwa akimsikiliza.

"Mutoto wako iko na akili," jumbe alisema. "Kule chuoni anawapita wote kwa Kurani. Aende pahali pa wangu. Atakula vizuri."

"Ataenda kwa jina gani?"

"La mwanangu. Wametaka mwana wa jumbe."

Miezi ile tulikuwa tukila mara moja kwa siku. Mama alipangusa mikono. "Haya," alisema. "Lakini mimi nitamwita jina nililompa."

Mimi na mtu wa jumbe tulikwenda kwa miguu siku tatu, ziwa likiwa kushoto kwetu, tukalala Gitaza kwa wavuvi.

Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, mkali kwa wavivu tu. Nilizijua herufi za Kiarabu, kwa hiyo siku za kwanza niliandika za Kizungu nikianzia kulia, na wenzangu wakacheka. Yeye aliushika mkono wangu akauanzisha upande wa pili. Asubuhi alipoita majina, mara nyingi nilisahau kuitika. Akadhani nina ugonjwa wa masikio, akaniketisha mbele karibu naye.

Mwaka wa pili habari zilifika Rumonge kwamba waliomaliza wanafanywa makarani, wana mshahara, na watu wanawaamkia njiani. Ndipo jumbe alipokuja bomani na mwanawe. Tuliitwa mbele ya bwana mkubwa Mdachi.

"Huyu ni mtumishi wa nyumbani kwangu," jumbe alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Mwanangu alikuwa mgonjwa. Sasa amepona."

Bwana mkubwa alimgeukia mwalimu. "Nani anajua zaidi?"

"Huyu niliyemfundisha, bwana. Yule hajui hata a."

"Na daftarini ameandikwa nani?"

Mwalimu alilifungua daftari. "Mwana wa jumbe."

"Basi mwana wa jumbe akae. Huyu aende kwao."

Mwalimu alinisindikiza hadi langoni. "Jina lako hasa nani?" aliniuliza. Nikamwambia. Akalitamka mara mbili, polepole. "Kumbe masikio yako ni mazima," alisema, akanishika bega, kisha akarudi darasani.

Nilirudi kwa mama na kazi ya nyavu. Moyoni nilimwombea mabaya yule kijana, sifichi. Alimaliza shule, akawa karani. Vita vilipoanza, alichukuliwa na majeshi kwenda upande wa Tabora.

Siku moja mpagazi alileta barua. Mjini petu hapakuwa na mwingine wa kusoma herufi zile. Jumbe alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni kwa mama.

Nilisoma: "Baba, miguu imevimba, siwezi kutembea. Nimeomba kurudi. Wameniambia aliyesomeshwa na serikali ni mtu wa serikali. Niombee ruhusa kwa bwana mkubwa."

"Soma tena," alisema jumbe. Nikasoma tena. Nilikuwa nimedhani nitafurahi. Lakini mwandiko ule ulikuwa kama wangu, kwa kuwa mkono uliotufundisha ulikuwa mmoja.

Aliniomba nimwandikie bwana mkubwa. Niliandika mara tatu, nikichagua maneno ya adabu kuliko yote niliyojua. Jibu halikuja. Wabelgiji waliingia, boma likahamwa, na hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Yule kijana hakurudi. Kwa miaka mingi jumbe aliwasimamisha wasafiri waliotoka upande wa Tabora, na kila mara alinitaka niwepo, pengine wana barua ya kusomwa.

Siku moja, uani kwa jumbe, mama alimshukuru Mungu kwa sauti kwamba aliyepotea hakuwa mimi. Nilishindwa kuitikia amina. Mke wa jumbe, mama yake yule kijana, alikuwa ameketi upande wa pili wa ua, akichambua mchele, na alisikia kila neno.