Mzee Bujiku Anayeogopa Nyimbo za Mwanawe

Saa moja asubuhi, futi mia mbili chini ya ardhi ya Geita, Mzee Bujiku anabandika sikio kwenye nguzo ya mti na kufumba macho. Anaigonga mara mbili kwa mpini wa shoka, anasikiliza, kisha anahamia nguzo ya pili.

"Naogopa," anasema. "Kila siku naogopa. Ukikuta fundi wa nguzo haogopi, usikanyage alikofanya kazi."

Bujiku ana miaka hamsini na minane. Alitoka Samuye, Shinyanga, mwaka 1938, baada ya ukame kummalizia ng'ombe. Huu wa 1952 ni mwaka wa kumi na nne anakata miti na kuisimamisha mgodini ili mwamba usiwaangukie watu. Analipwa shilingi arobaini na tano kwa mwezi, na posho ya unga na maharage.

Mti, anaeleza, hauvunjiki hivi hivi. Hulia kwanza, kidogo tu, kama kitanda cha kamba mtu anapogeuka usingizini. Kazi yake ni kuusikia mlio huo kabla ya wengine.

Shida ni nyimbo. Kwa Wasukuma jembe huenda na wimbo, na vijana waliotoka mashambani wameshuka na nyimbo zao mpaka shimoni. Genge la watu kumi na wawili linapiga sepetu kwa mapigo ya pamoja, manju anaanzisha, wenzake wanaitikia, na mawe yanajaa kwenye matoroli. Manju wao ni Kalisti, mtoto pekee wa kiume wa mzee huyu.

"Nilimfundisha mwenyewe kuimba," anasema Bujiku, ambaye ujanani alikuwa manju wa kutajwa. "Nani alinituma?"

Akiwa juu, kwenye jua, mzee ana maneno. Mpira wa miguu, uliowatia vijana wazimu kila Jumamosi, haujamwingia akilini. "Ng'ombe akichinjwa kwetu, kila mtu anapata fungu lake. Hawa watu ishirini na wawili wanapiga ngozi yake mateke mpaka jua linazama, halafu wanarudi na njaa." Santuri anaisifu kidogo, kwa kuwa ni mwimbaji asiyeomba pombe. Suruali ndefu anazisamehe, maana zinafunika miguu mingi mibaya. Lakini akishaingia shimoni, mzaha wote unamwisha.

Jumatatu ya wiki iliyopita genge lilishuka na furaha ya kushinda mpira. Waliimba kwa nguvu kuliko siku zote. Bujiku aliweka kiganja kwenye nguzo akaihisi inatetemeka, na kwa kelele zile hakusikia kitu.

Akapaza sauti, "Tokeni! Tokeni!"

Genge likaitikia, "Tokeni!" likazidisha mapigo. Walidhani mzee amekumbuka enzi zake, kaamua kuingia kwenye wimbo. Akarudia, nao wakaitikia tena huku wanacheka.

"Nilikuwa nawaambia mnakufa, na wao wananipokea," anasimulia.

Alikimbia mpaka kwa mwanawe akamziba mdomo kwa kiganja. Wimbo ukakatika. Ndipo wote wakausikia mti unalia juu ya vichwa vyao. Walitoka mbio, mwamba ukaanguka nyuma yao. Donatus, aliyekuwa mwisho kabisa, alivunjika mguu, na hadi leo amelazwa. Matoroli mawili yalifukiwa.

Mtu angetegemea shukrani. Kalisti alikaa siku saba bila kumsemesha baba yake. Manju kuzibwa mdomo mbele ya genge lake ni aibu kubwa, hata kama kaokolewa.

"Najua alituokoa," Kalisti anasema akiwa ameinamisha macho. "Lakini ni baba yangu, na watu walikuwa wanatazama."

Bujiku aliomba nyimbo zipigwe marufuku. Nyapara wao, Sabiti, akazizuia siku mbili, matoroli yanayojazwa yakapungua karibu nusu. "Mzee, wakinyamaza wanalala," akamwambia. Nyimbo zikarudi.

Basi mzee akatunga wimbo. Una beti kama nyimbo nyingine, ila kila baada ya beti tatu sepetu zote zinasimama hewani na watu wote wanafunga midomo, hesabu ya moja hadi sita, wasikilize mti. Kalisti akaukataa. Aliyemlainisha ni mama yake, Paskalina, aliyewawekea baba na mwana sahani moja ya ugali akakaa mlangoni asitoke mtu.

"Sijali nani manju," anasema mama huyo. "Nataka wote wawili warudi wale."

Leo ndiyo mara ya kwanza wimbo huo kuimbwa shimoni. Bujiku amesimama nguzo kumi nyuma ya genge, gizani, ameshika taa. Sauti ya Kalisti inapanda, wenzake wanaitikia. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha kimya.

Mzee anahesabu kwa midomo. Jasho linamtiririka. Ukimya aliouomba mwenyewe unamfikia huku nyuma bila kumwambia kama wenzake wanasikiliza au wamefukiwa. Anafika sita. Anafika saba. Anashika nguzo.

Kwenye nane Kalisti anaanza tena kuimba.

Bujiku anajifuta uso. Mipango yake anayo: msimu wa pamba ukifika amshawishi mwanawe warudi Samuye, wakalime.

"Huko shambani," anasema, "mwanangu akinyamaza, nitajua amechoka tu."